Nyoka Hamuumi Dada Yake

Siku ya Panchami, sikukuu ya nyoka, mwaka huu nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, nikaweka ubao mapajani, nikakata vitunguu. Sikujificha jikoni. Nilikaa pale ambapo kila mwanamke anayekwenda kichuguuni kumpelekea nyoka maziwa lazima apite, na nilikata kwa nguvu ili kisu kisikike.

Kwetu, siku ya nyoka, kisu hakigusi kitu. Jembe haligusi ardhi na chuma cha chapati hakipandi motoni. Tunakula vya mvuke tu, madonge ya dengu na sukari guru, kwa sababu huwezi kujua chini ya unachokata amelala nani, na leo ni siku yake. Mtoto anayejifunza kupika anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa chumvi. Na mimi nilifundishwa. Mpaka mwaka jana sikuwahi kuchuma hata jani la giligilani siku hiyo.

Wa kwanza kupita alikuwa Paru, jirani yetu, na bangili mpya za kijani zimejaa mikononi.

"Shevanta, unafanya nini?"

"Nakata vitunguu. Huoni?"

"Leo?"

"Vitunguu havina kalenda, dada."

Alijiziba mdomo kwa ncha ya sari akaongeza mwendo. Waliomfuata hawakuuliza kitu. Walipita wameinamisha nyuso, na nilimsikia mmoja wao akimwambia mwenzake kwamba msiba umeniharibu akili. Haukuniharibu akili. Akili yangu haijawahi kuwa nzima kama mwaka huu.

Mwaka jana, siku kama hii, binti yangu Reva alikuwa na miaka tisa. Alikuwa na hina mikononi na sauti imemkauka kwa kuimba kwenye bembea, ile tuliyofunga kwenye mwarobaini ulio nyuma ya nyumba. Alikwenda kichuguuni na bibi yake, Bhagirathi, mama wa mume wangu, amebeba sahani ya bisi za mtama. Aliona sisimizi wanazila zile za mbele, basi akaingiza mkono kwa nyuma, penye shimo, ili bisi zimfikie nyoka mwenyewe. Alirudi analia. Kitu kimemdunga.

Niliona matundu mawili kwenye kiganja. Nikasema nyoka.

"Funga mdomo," Bhagirathi aliniambia. "Nyoka hamuumi dada yake siku yake. Huo ni mwiba wa mgunga."

Na wanawake wote waliokuwepo wakaitikia. Ni mwiba. Kwani kila msichana wa kwetu humwita nyoka kaka, humfungia saumu siku moja kabla, humpelekea maziwa. Ni nani amewahi kusikia kaka anamuuma dada aliyemletea chakula? Wakamsagia manjano wakampaka. Mkono ukavimba, wakasema manjano yanavuta uchafu. Kope zikaanza kumwanguka, wakasema bembea imemlevya. Nilimwomba mume wangu, Nivrutti, ufunguo wa pikipiki. Nivrutti alimtazama mama yake. Mama yake aliuchukua ufunguo kutoka kwenye msumari wa ukutani, akauweka chini ya paja lake, akaukalia.

"Ukimpeleka hospitali leo kwa ajili ya nyoka," alisema, "umemwita kaka yako muuaji mbele ya kijiji kizima. Nani ataoa kwenye familia hii? Nani atakuja kichuguuni kwetu tena?"

Nilipiga magoti. Nilimvuta sari. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kunishika mimi, si mtoto, mimi. Nivrutti alipopata ujasiri wa kumwinua mama yake pale chini, Reva alikuwa hawezi kumeza maji. Alifia mapajani mwangu nyuma ya pikipiki, tulipokuwa hatujafika hata njia panda ya kiwanda cha sukari.

Hayo yangenitosha kwa maisha yote, lakini hawakuishia hapo. Kabla mwezi haujaisha, Bhagirathi aliweka jiwe pembeni ya kichuguu, akalipaka poda nyekundu, akasema nyoka alimpenda mtoto akamchukua akae naye. Likawa ni Devi Reva, mungu wa kike. Sasa wanakuja wanawake kutoka ng'ambo ya mto wa Yerla, wanafunga bangili pale, wanaomba watoto wa kiume, wanaomba kaka zao wapate kazi mjini Pune. Mtoto wangu aliyekuwa akikojoa kitandani mpaka miaka sita, aliyekuwa akiniibia sukari guru na kunidanganya mdomo umejaa, wamemfanya mungu ili wasiseme walichomfanyia.

Nilichotaka ni kitu kimoja. Nilitaka Bhagirathi aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba mtoto aliumwa na nyoka na kwamba yeye ndiye aliyetuzuia. Sikutaka pole. Sikutaka kuombewa. Nilitaka aseme. Mwaka mzima nilimpikia na kumkandia miguu kama ilivyo desturi, na mwaka mzima hakusema.

Basi siku hiyo alitoka ndani, amevaa sari mpya, ameshika sahani ya maziwa na bisi na manjano. Akanikuta na vitunguu vyangu.

"Inuka," akasema. "Watu wamekuja kumwona mama wa Devi."

"Waambie mama wa Devi anapika."

"Unataka kutuangamiza?"

"Nataka kula, Mama. Ndiyo sababu nakata vitunguu."

Alishusha sauti. Wanawake walikuwa wamesimama uani, wanajifanya wanatengenezana sari. "Mwaka mzima unanitazama kama vile mimi ndiye niliyemuuma."

"Hukumuuma. Uliukalia ufunguo."

"Ulikuwa mwiba, Shevanta."

"Haya. Ulikuwa mwiba. Nenda pale uani uwaambie ulikuwa mwiba. Halafu uwaambie lile jiwe ni la nini, maana sijasikia mwiba ukimchukua mtu kumpeleka kwa miungu. Mimi unaniambia mwiba, wao unawaambia nyoka kampenda. Chagua moja, Mama. Moja tu, na nitakubeba mgongoni mpaka kichuguuni."

Alitazama uani, akatazama kisu, akafunika kichwa vizuri akaondoka. Wenzake wakamfuata wakiimba, na mmoja akasema kwa sauti ili nisikie: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilimjibu kwamba ung'ongo naujua, na nyoka namjua, na mnafiki namjua zaidi.

Nikaweka chuma cha chapati motoni. Nikakaanga vile vitunguu kwa pilipili mpaka moshi ukatoka dirishani ukaenda njiani. Nivrutti alikuja mlangoni, akaona chuma kwenye moto, akaegemea fremu ya mlango.

"Utatuua wewe," akasema.

"Mimi?" nikamwambia.

Akaenda bandani kwa nyati wetu wa maziwa. Mwaka mzima kila nikimwangalia machoni huwa nyati wana shida.

Bhagirathi alirudi kabla ya wenzake. Hakuja kwa njia ya mbele, alizunguka nyuma penye bembea, peke yake, mkono wa kulia ameuviringisha kwa ncha ya sari. Alikaa karibu na mtungi wa maji. Sahani hakuwa nayo.

"Vipi umewaacha wageni?" nikamuuliza.

"Mwiba," akasema. "Nimechomwa na mwiba."

Sikugeuka kutoka kwenye jiko. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, Mama."

Kisha nikasikia bilauri inaanguka. Alikuwa amejaribu kuchota maji kwa mkono wa kushoto, mwanamke ambaye hata mbuzi hampi jani kwa mkono wa kushoto. Nikaenda nikaivuta ile sari. Alivuta na yeye, tukavutana kama watoto, na kitambaa kikatoka. Matundu mawili, chini ya kidole gumba. Nyama ya pale ilikuwa imeshaanza kujaa.

Nitasema kilichonijia. Ilinijia furaha. Nilifikiri: kaa tu, Shevanta. Saga manjano. Mpake taratibu. Akisema macho yanamlemea mwambie ni bembea. Nilisimama pale na kile kitambaa mkononi, na sioni haya kukisema, maana hakuna aliyeona haya mwaka jana.

Lakini nikaona mbele. Angekufa, na kabla ya wiki kuisha wangeweka jiwe la pili. Pangekuwa na Devi mjukuu na Devi bibi, na mimi ningekuwa yule mchawi aliyekata vitunguu nyoka akakasirika. Na yale maneno niliyoyangoja mwaka mzima yangechomwa naye kwenye kuni. Mimi nilimtaka hai. Mfu hasemi.

"Simama," nikasema.

"Ni mwiba."

"Simama, nimesema."

"Watasikia, Shevanta. Kesho hakuna atakayekuja kichuguuni. Watasema nyoka wetu ameuma siku yake."

"Watasema ni kisu changu. Usiogope, watakutafutia maneno. Simama."

Nivrutti alikuwa ametokea mlangoni. Aliuona mkono. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, ni mwiba tu," na yeye, Mungu wangu, akasimama. Akasimama vilevile kama mwaka jana, mikono imening'inia.

Safari hii sikumwomba ufunguo. Nilimshika mama yake kwapani nikamburuta mpaka njiani. Alikuwa mwepesi, mifupa mitupu, na alinikwaruza shingo. Nikasimama katikati ya njia mbele ya gari la maziwa la Mulani, ambaye hukusanya maziwa vijiji vyote vya upande huu kupeleka mjini.

"Dada, utagongwa," Mulani akasema, ametoa kichwa nje. "Na maziwa sina. Leo mmewapa nyoka yote, nimebaki na makopo yanayopiga kelele."

"Mama mkwe ameumwa."

Hakuuliza ameumwa na nini. Alishuka, akasukuma makopo pembeni, akambeba Bhagirathi akamweka nyuma kwenye gunia. Hapo ndipo Nivrutti alipokimbilia pikipiki yake. Niliisikia ikitufuata nyuma, na nilitamani izimike.

Tulipofika njia panda ya kiwanda cha sukari, Bhagirathi alinishika goti.

"Macho yangu mazito," akasema.

"Najua. Na yake yalikuwa mazito."

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Ukasema bembea imemlevya."

Machozi yalimtoka chini ya kope zilizokuwa zinashuka. Sikumpangusa. Ulimi wake ulianza kuwa mnene. "Hospitali... usiwaambie. Sema mwiba."

"Sitasema kitu. Utasema mwenyewe."

Hospitali ya serikali ilikuwa imejaa. Daktari aliyetupokea alikuwa msichana, ana shada la maua ya sikukuu kwenye nywele na miwani imemteremka puani. Alimfunua kope kwa kidole, akashika mkono, akaanza kuamrisha manesi kabla hajatuuliza kitu. Alishajua. Lakini kalamu ilikuwa mkononi, na akauliza kama wanavyouliza wote.

"Ameumwa na nini?"

Bhagirathi alinitazama. Nami nikamtazama.

"Sema, Mama."

"Nyoka," akasema. Ilitoka nusu, lakini ilitoka.

"Wapi?"

"Kichuguuni."

Daktari hakushangaa. Aliandika. "Siyo wa kwanza leo," akamwambia nesi, kisha akanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nimesimama. "Kila mwaka siku hii tunaweka dawa ya ziada kabatini. Mnaingiza mikono nyumbani kwa mnyama, mnampigia ngoma, mnamwagia maziwa kichwani, mnategemea afanye nini? Achekelee?"

"Kila mwaka?" nikamuuliza.

"Tangu nimekuja."

"Hata mwaka jana?"

"Hata mwaka jana. Mwaka jana ilibaki."

Nilitoka nje. Palikuwa na ukuta wa chokaa, nikaupiga kwa mikono yote miwili, nikaupiga tena na tena. Ilibaki. Dawa ilikaa kabatini ikingoja, na ikabaki. Mjini hapa watu wanajua kwamba nyoka huuma Panchami kama wanavyojua kwamba mvua hunyesha mwezi wa Shravan, na sisi, mwendo mfupi tu kwa gari la maziwa, tulikuwa tumekaa tunasaga manjano. Bangili zangu zikavunjika zikanikata. Nivrutti alikuwa anaegesha pikipiki, akaona vile vipande vya kijani chini, akabadilika rangi, maana bangili huvunjwa za mjane.

"Usishtuke," nikamwambia. "Bado uko hai. Wewe huwa hufi."

Bhagirathi hakufa. Walimchoma ile dawa, wakamwekea mpira wa hewa mdomoni, na mimi nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake kwa sababu mwingine hakuwepo wa kukaa. Nesi alinipongeza, kwamba wakwe siku hizi hawatunzwi hivi. Mpira ulipotolewa, alikunywa uji kwa kijiko mkononi mwangu. Nilikuwa nasubiri, na yeye alijua ninachosubiri, na alifumba macho kila nilipokaribia.

Halafu wakaja. Walikuja kundi zima kwa basi, Paru mbele, na nazi, na bisi za mtama kwenye karatasi, na ile poda nyekundu. Wadi nzima ikageuka kutazama. Nivrutti alikuja nao, akabaki mlangoni kama kawaida yake.

"Bhagirathi-bai," Paru akasema, na sauti yake ilikuwa na kilio cha kujipendekeza, "kaka yetu amekubusu akakuacha. Siku yake! Kijiji kizima kinasema. Angetaka kukuchukua angekuchukua, lakini Devi Reva alimshika mkia, akamwambia, huyu ni bibi yangu."

Wakaguna wote kukubali. Mmoja akaanza kulia.

"Na wewe," Paru akanigeukia, "usifikiri hatujui. Kisu siku ya Panchami. Chuma motoni. Ulimkasirisha makusudi, na aliyelipa ni huyu mzee. Ungekuwa na haya ungemwangukia miguu."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu ya kutosha kuwafukuza mpaka stendi ya basi. Lakini nilijizuia, nikamtazama Bhagirathi, kwa sababu kama angenyamaza sasa angenyamaza milele, na mimi ningebaki na kisu changu na jiwe lao mpaka kufa.

Paru aliinama na ile poda kumgusa miguu. Bhagirathi akaikunja miguu, akaificha chini ya shuka.

"Acheni miguu yangu," akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzwa na mpira. "Hakuniacha. Aliniuma sawasawa. Sindano ndiyo iliyoniokoa."

"Ni Devi aliyeituma hiyo—"

"Sindano ilikuwepo mwaka jana, Paru. Nilimsikia daktari. Nilikuwa nimelala, siwezi kufungua macho, lakini masikio yalikuwa wazi. Ilikuwepo siku ile ile." Alimeza mate kwa shida. "Mtoto aliumwa. Mama yake aliona, akasema nyoka. Mimi nilisema mwiba, na nilijua si mwiba. Niliukalia ufunguo. Nilimwona kope zinaanguka na nilikalia ufunguo, kwa kuogopa maneno yenu. Hakuna Devi. Lile jiwe nililipaka mimi."

Bisi zilikuwa zimemwagika kitandani. Paru alijaribu kucheka, akawaambia wenzake, "Dawa hizi kali, zimemlevya," na akaanza kuwasukuma kuelekea mlangoni.

Nilikuwa nimefikiri kwamba siku nitakapoyasikia maneno hayo kitu kifuani kitalegea. Hakikulegea. Nilizidi kuwaka, kwa sababu yalikuwa maneno machache sana, yangeweza kusemwa uani kwetu ile siku ya kwanza, mtoto akiwa bado anaweza kumeza maji. Nilimtazama Nivrutti pale mlangoni. Alikuwa ameinamisha kichwa anakagua ndala zake, na wanawake wanampita kushoto na kulia.

"Rudia, Mama," nikasema.

"Nini?"

"Rudia. Mwanao yuko mlangoni, anajifanya hakusikia."

Bhagirathi alifumba macho. Nilidhani ameishiwa. Kisha akayafungua, akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, akangoja mpaka Nivrutti akainua kichwa. Akarudia, tangu kichuguuni, na ufunguo hakuuruka.